Nilivyoitunza sahani ya Bi Mejumaa mpaka maandishi yakakataa kutoka

Wakuu salaam, wa pwani na wa bara.

Mimi humu huwa napita tu. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, naondoka bila hata like. Leo naandika yangu kwa sababu nimeibeba muda mrefu na imeanza kunielemea.

Yote yamenitokea mimi mwenyewe na sitatia chumvi. Majina nimebadilisha, na nyumba sitaitaja. Watu wa Msambweni mtaijua tu, nawaomba mkae kimya.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Si guide. Guide ni yule anayewatembeza wageni na kupigwa nao picha. Mimi ni wa nyuma ya pazia, mtunza vitu. Mlango wangu umeandikwa STAFF ONLY, na ndani kuna mimi, feni moja, makabati saba na vitu vya watu waliokwisha kufa.

Mjomba wangu mpaka leo anadhani nafagia.

Ni kazi jamani. Nyumba ni ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti, na bahari iko hatua chache. Ukuta unatoa jasho, shaba inaota kijani, mchwa hawana likizo, na popo wamekaa juu ya dari utadhani wana title deed. Asubuhi nachukua brashi laini, natoa vumbi kitu kimoja kimoja, nakigeuza juu chini, nakilinganisha na kadi yake.

Kadi ndiyo kila kitu. Kila kifaa kina namba, na kila namba ina kadi inayosema kitu hiki ni nini, kimetoka kwa nani, kina ufa wapi, kina doa wapi, na kimefanyiwa nini tangu kiingie humu. Kukifanyia kitu jambo bila kuandika ni sawa na kumdunga mgonjwa sindano ukaficha faili. Hapo kwenye kadi pashikeni, tutaparudia.

Halafu kuna deep freezer. Leso na kanzu za zamani tunazifunga kwenye plastiki na kuzigandisha wiki mbili ili wadudu wafe. Kuna mama muuza samaki aliwahi kuja mlangoni akiniomba nimhifadhie tafi wake waliobaki. Nikamwambia siwezi mama, ndani kuna kanzu. Aliniangalia kwa muda, akaondoka bila kuaga. Nadhani hadi leo ananiombea.

Tuendelee.

Boss wangu ni Madam Nekesa, mtu wa Bungoma, amesomea mambo haya hasa. Mkali lakini haonei mtu. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha katikati ya makabati akaniambia, "Bakari, kwa hii nyumba hatupaki kitu juu ya kitu. No polish, no oil, no glue. Na usifute kitu hujui ni nini. Ukiona shida, unaniita."

Nikasema sawa madam.

Sasa sahani.

Kati ya vitu vilivyotolewa na familia yenye nyumba kulikuwa na sahani nyeupe ya kauri. Ya kawaida kabisa, hata kwenye harusi ungekula pilau juu yake usiitazame mara mbili. Ila uso wake wote ulikuwa umeandikwa aya kwa zafarani, mistari inazunguka kutoka ukingoni mpaka katikati.

Kwa msiojua, hilo ni kombe. Mtu akiwa mgonjwa au ana dhiki, mwalimu anamwandikia aya kwenye sahani safi kwa zafarani iliyolowekwa marashi. Likikauka linaoshwa kwa marashi au maji kidogo, na maji yale mgonjwa anayanywa. Najua kuna watakaokuja mbio kusema ni bidaa, uzushi wa dini. Fungueni uzi wenu, nitakuja kuwasoma kwa adabu, ila hapa leo tuachieni.

Cha ajabu ni kwamba kombe halikai. Linaandikwa asubuhi, jioni limeshanywewa. Hili lilikuwa limekaa zaidi ya miaka sitini halijaguswa na maji. Madam alikuwa akiwaambia wageni wa vyuo kwamba hajawahi kuona jingine.

Kadi yake niliiandika mimi, mwaka wangu wa kwanza. Naijua kwa moyo:

"Sahani ya kauri, nyeupe. Maandishi ya zafarani upande wa mbele, yanapukutika. Ufa mdogo ukingoni. Doa dogo la manjano upande wa nyuma, chanzo hakijulikani. Imetolewa na Bi Mejumaa."

Lile doa la nyuma lilinikera. Nilitaka kulifuta kwa pamba, sahani ionekane safi kwenye picha. Madam akanikatalia, "Unajua ni nini?" Nikasema sijui. "Basi liache."

Nikaliacha, huku moyoni nikisema huyu mama naye kwa ubishi.

Lakini lililonitia matatani ni lile neno "yanapukutika".

Kila nikifungua kabati nilikuta unga wa manjano kwenye karatasi niliyotandika chini ya sahani. Mimi ni mtoto wa chuo cha Kurani wakuu, nimelelewa na bibi ambaye akikuta kipande cha gazeti njiani chenye jina la Mwenyezi Mungu anakiokota, anakibusu, anakichomeka juu ya ukuta. Sasa leo mimi ndiye nimeshika brashi, nakusanya aya kama makombo ya mkate.

Mara ya kwanza nilitia unga ule kwenye kikombe cha maji nikamwaga penye shina la mlangilangi uani, mahali pasipokanyagwa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nilikuta herufi nzima imedondoka.

Sikulala vizuri wiki ile.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwita Madam, na sikumwita. Nilijua atasema tusubiri mtaalamu, na mtaalamu wetu huja masika mbili zikishapita. Na kuna sababu nyingine, naiona aibu kuiandika lakini niliahidi ukweli. Nilihisi jambo hili si la kumweleza mtu wa Bungoma. Nilihisi hatalielewa. Nilihisi ni letu.

Nikaenda Ukunda, nikaingia hardware moja, nikanunua kopo la vanishi ya kupuliza. Ile wanayotumia mafundi wa fanicha, isiyo na rangi wala kung'aa. Siku Madam alipokwenda mkutanoni Mombasa, nikailaza sahani chali kwenye meza, nikasema bismillahi, nikapuliza mara mbili.

Herufi zikashika. Unga ukakoma.

Wakuu, nilijiona mtu mwema siku ile. Nilijiona nimeinusuru aya isifagiwe. Kwenye kadi sikuandika chochote.

Madam aliporudi aliinama juu ya kabati akasema, "Hii imetulia, eh? Lazima humidity imeshuka."

Nikasema ndiyo madam.

Miaka sita ikapita.

Bi Mejumaa sasa. Ndiye binti wa mwisho wa nyumba ile aliyebaki hai, umri umepita themanini, anaishi Ukunda kwa mjukuu wake Riziki mwenye salon. Kila baada ya miezi kadhaa alikuwa akija kukaa kwenye baraza ya ndani na kuwasikiliza guide. Guide akisema nyumba imejengwa na mfanyabiashara wa pembe za ndovu, yeye anadakia pale pale, "Pembe gani? Babu aliuza nazi na boriti. Hizo pembe umezitoa kwenu."

Wageni wanacheka, guide anatafuta pa kuficha uso.

Mimi alinipenda, sijui kwa nini. Aliniita Bakari wa Makabati.

Asubuhi moja alikuja ameshikiliwa na Riziki, amekonda, anapumua kwa kukatikakatika. Daktari alikuwa amewaambia ni moyo. Nikamtolea kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya sahani yangu."

Nikainuka kuchukua funguo. Nilidhani anataka kuiona, huwa nafungulia familia.

"Keti," akasema. "Sitaki kuiangalia. Nataka kuinywa."

Ndipo akanieleza kitu ambacho hakikuwa kwenye kadi yoyote.

Alipokuwa msichana alimpenda dereva wa lori wa mji wa Mackinnon Road. Babake, mwalimu wa chuo na mtu mgumu, hakumtaka kijana yule. Bi Mejumaa akaolewa naye hivyo hivyo, amu yake ndiye aliyesimama kuwa wali wake kwenye ndoa. Baba akasema hana binti.

Mwaka haukuisha, mimba ikamharibikia, akaugua karibu kufa. Baba hakwenda kumwona, na salamu hakutuma. Ila aliketi chumba cha juu akaandika kombe kwa mkono wake, akamtuma dada yake alipeleke hadi Mackinnon Road, limefungwa ndani ya leso.

"Na mimi nikasema nini, Bakari? Nilikuwa na miaka ishirini. Nikamwambia shangazi, mrudishie, mwambie anywe mwenyewe."

Sahani ikarudi. Wiki tatu baadaye baba akafa kwa homa, bila wao kuonana.

Mamake hakuiosha. Aliiweka juu kwenye kidaka cha ukuta ikiwa na leso yake, ikakaa huko mpaka familia ilipotoa nyumba.

"Mimi sitafuti kupona," akasema. "Umri wangu huu nipone niende wapi? Nataka radhi yake tu. Alinipa nikairudisha. Nataka nikienda nimwambie, baba, nilikunywa."

Riziki alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa nimeshika funguo, sithubutu kumtazama, kwa sababu nilijua kilichokuwa juu ya maandishi yale.

Ombi likaenda kwenye bodi ya nyumba. Nilikuwa na hakika watakataa, na Mungu anisamehe, niliomba wakatae. Kifaa adimu namna ile, nani atakubali kioshwe? Aliyesimama kumtetea bibi ni Madam Nekesa, yule yule niliyedhani hataelewa. Aliwaambia, "Hii si art. Hii ni dawa, na mwenye dawa amekuja. Tutapiga picha, tutaandika, tutampa."

Bodi ikakubali.

Kati ya siku ile na siku ya kuosha kulikuwa na wiki mbili. Wiki mbili nzima za kufungua mdomo. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nilijiambia vanishi yenyewe nilipuliza kidogo, miaka sita ya joto la pwani itakuwa imekwisha kuila, marashi yatapenya. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ikafika Ijumaa asubuhi.

Tulikuwa wanne kwenye kile chumba cha juu ambamo babake alikuwa akiandikia. Bi Mejumaa amevaa leso mpya, ametia udhu. Riziki ameshika mrashi wenye marashi. Madam ana kamera. Mimi nimeleta sahani nikiwa na glavu.

"Vua hizo soksi za mikono," bibi akaniambia, na Madam akanipa ishara nivue.

Akaipokea. Akasoma mistari kwa midomo tu, polepole, mpaka katikati. Akamwambia Riziki anyunyize. Akainamisha sahani huku, akainamisha kule, marashi yakazunguka juu ya herufi zote na kutulia katikati.

Maji yalikuwa meupe.

Akaongeza. Akasugua kwa kidole. Herufi zilikaa vile vile, na maji yakabaki meupe kama yalivyotoka kwenye mrashi.

"Bibi, labda zimekauka sana," Riziki akasema.

Bi Mejumaa aliitazama sahani, kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Amekataa."

"Nani, bibi?"

"Baba. Hajaniridhia."

Akaiweka sahani chini kwa uangalifu. Marashi yale hakuyanywa. Akainuka, akashuka ngazi akishika ukuta, akikataa kushikwa mkono.

Wakuu, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilihitaji maneno manne tu, "ni mimi niliyepaka vanishi", na hayakutoka. Nilimwacha mwanamke wa miaka themanini na kitu ashuke ngazi zile akiamini babake amemkataa.

Madam akaitazama sahani, akanitazama mimi.

"Bakari?"

"Pengine ni umri wake, madam."

Akaendelea kufunga kamera.

Swala ya Ijumaa niliswali, nikirukuu akili iko kwenye ngazi. Jumamosi mchana Riziki akanipigia simu. Bibi hajala tangu jana. Hazungumzi, isipokuwa ametoa wasia. Kaburi lake lilikuwa limeshapangwa zamani, kando ya babake kwenye makaburi ya familia. Sasa ameagiza wamzike kwingine.

"Anasema asije akamkera," Riziki akaniambia. "Bakari, wewe ndiye uliyekaa na hiyo sahani miaka yote. Hakuna unachojua?"

Nikamwambia nakuja kesho.

Jumapili nilifika Ukunda, nikapiga hodi nyuma ya salon. Bi Mejumaa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba ameelekea ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakugeuka.

Nikaketi chini kwenye mkeka nikasema yote. Unga wa manjano, mlangilangi, herufi iliyodondoka, hardware, kopo, Madam kwenda Mombasa. Nikamwambia kwamba si babake aliyekataa. Maandishi yamezibwa, na aliyeyaziba ni mimi, na nilikuwa nalijua hilo siku ile nikanyamaza.

Akageuka taratibu.

"Vanishi. Ile ya viti?"

"Ile ya viti, bibi."

Alianza kucheka, nami nikadhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kicheko kikageuka kilio, akanipiga kofi mkononi, la pili, la tatu, mkono wenyewe hauna nguvu hata ya kuua inzi.

"Siku mbili nimelala hapa nikijua nimefukuzwa mara ya pili. Siku mbili, Bakari!"

"Nisamehe bibi."

"Ngoja kwanza. Sijafika huko."

Riziki akamletea maji akanywa. Akatulia. Akaniuliza kama vanishi inatoka. Nikamwambia inatoka kwa dawa kali, na dawa hiyo ikishapita hakuna binadamu atakayeweza kuyanywa maji yale. Hilo nalo nililisema lote, sikutaka kumficha tena kitu.

"Na uliandika, kwenye zile karatasi zako?"

"Sikuandika."

"Nisomee ulichoandika, basi. Tuone ulikuwa ukifanya kazi gani."

Picha ya kadi ninayo kwenye simu. Nikamsomea kama mtu anayesomewa mashtaka yake. Sahani ya kauri, nyeupe. Maandishi ya zafarani, yanapukutika. Ufa mdogo ukingoni. Doa dogo la manjano upande wa nyuma, chanzo...

"Hapo. Rudi hapo. Doa gani?"

"Kuna doa bibi, nyuma. Halina maana."

"Liko vipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole changu. Dogo, la mviringo, hapa chini ukishika sahani hivi.

Akajiinua akaketi.

"Baba alikuwa akiijaribu zafarani kwa kidole kabla ya kuandika," akasema. "Kidole hiki, cha mkono wa kushoto. Kisha anaishika sahani kwa mkono huo huo. Mama alikuwa akimsema kila siku, kanzu zote zina njano. Bakari, huko nyuma ulipaka?"

Nikafikiri. Niliilaza chali. Nilipuliza mbele tu. Mgongo wa sahani ulikuwa umelalia karatasi.

"Sikupaka bibi."

Jumatatu asubuhi nilimngoja Madam mlangoni kabla hajaweka mkoba chini. Nilimweleza kila kitu kwa mara ya pili, na mara ya pili si rahisi kuliko ya kwanza, asikudanganye mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ijumaa nilijua," akasema. "Vile maji yalikuwa yanateleza, hiyo si kauri peke yake. Nilikuwa nangoja uniambie."

Akanipa barua ya onyo na akaninyang'anya funguo za makabati kwa miezi mitatu. Nilistahili zaidi. Kisha akachukua kioo cha kukuza, akaigeuza sahani chini ya taa, akaitazama kwa muda. Akanipa kioo.

Zaidi ya miaka sita kadi yangu imesema "chanzo hakijulikani". Ndani ya lile doa kulikuwa na mistari ya ngozi, myembamba, inazunguka. Kilikuwa kidole cha mtu.

Na kama ningeachiwa nifanye nilivyotaka mwaka ule wa kwanza, ningekuwa nimekifuta kwa pamba nikaitupa pamba kwenye ndoo. Aliyenizuia ni yule mama wa Bungoma niliyesema hataelewa. Niliona haya, na mpaka leo naona.

Aliwaarifu wajumbe wa bodi kwa simu mmoja mmoja, wakakubali.

Jumatano tulikuwa wanne tena chumba cha juu. Madam akapiga picha za doa. Mara hii bibi alitaka sahani niishike mimi, mikono yangu mitupu, mgongo wake juu, nimeiinamisha kwenye kikombe kidogo cha kahawa. Riziki akanyunyiza tone moja la marashi juu ya doa. Lilikaa. Tone la pili.

Tone la tatu lilishuka ukingoni likiwa la manjano.

Likaingia kikombeni. Likafuatwa na jingine, na jingine, mpaka mahali pale pakabaki peupe. Kikombeni hakukuwa na hata funda moja kamili.

Bi Mejumaa akasema bismillahi akanywa. Akafumba macho. Midomo ikasema, "Baba, nimekunywa," na sisi sote tukatazama sakafu kwa sababu lile halikuwa neno letu.

Baada ya muda akanitafuta kwa macho.

"Haya Bakari. Sasa nimefika."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikakumbuka nilichomwomba nikiwa kwenye mkeka Ukunda, nikalia kama mtoto mbele ya boss wangu.

Bi Mejumaa aliishi miezi mitano zaidi. Alirudi kwenye baraza mara mbili na kuwaharibia guide hadithi zao. Alipotutoka alizikwa kando ya babake, kama ilivyokuwa imepangwa mwanzo. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Somo nililopata ni hili, na mnaweza kunibishia. Nilidhani kutunza ni kuzuia kitu kisiondoke. Kuna vitu vimetengenezwa viondoke, na anayevigandisha ndiye anayeviua. La pili, ukimfanyia mtu au kitu jambo, liandike au liseme siku ile ile. Ukweli nao unapukutika ukiuweka kabatini. Na la tatu, mlio na nyumba za wazee wenu huko Kwale na kwingineko, mnaotaka kusafisha stoo: kabla hujafuta doa, muulize aliyekuwepo, angali hai.

Kadi ya sahani ile nimeiandika upya. Nimeandika vanishi, siku, kopo la aina gani, jina langu. Nimeandika doa lilikuwa nini na nani alilinywa. Ni kadi ndefu kuliko zote tulizonazo.

Niulizeni mnachotaka, nitajibu nikitoka kazini. Na kama nawe umewahi kuharibu kitu kwa kukipenda, tuandikie hapa chini, tusikae nalo peke yetu.

Mkija kutembea na mkakuta sahani moja nyeupe imewekwa kwenye kioo ikiwa imegeuzwa, mgongo mbele, na hapo mgongoni hakuna kitu, msidhani tumekosea kuipanga. Gongeni ule mlango wa STAFF ONLY. Kwa sahani hiyo huwa natoka mwenyewe.